Kufifia na Kufufuka kwa Michezo ya Kisa ya Kompyuta: Historia na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoifikia meza ya istilahi, yako yanayojibika kwa neno moja, na yako yasiyojibika mpaka historia ya kitu chenyewe ichunguzwe kwanza. Swali lililoletwa na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Masasi ni la aina hii ya pili. Mwalimu huyo ni mlezi wa chama cha kompyuta cha wanafunzi. Alikusudia kuwafundisha vijana wake kutunga programu kwa kuwaagiza watunge mchezo mdogo wa maneno: mchezaji anaelezwa mahali alipo, anaandika amri, na kompyuta inamweleza yaliyotokea. Kwa Kiingereza michezo ya namna hiyo huitwa kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa ni jambo la hatari au tukio la kishujaa. Basi katika barua ya kuwaomba wazazi ridhaa yao, mwalimu aliandika "michezo ya hatari ya kompyuta".

Wazazi kadhaa, wengine wa Masasi na wengine wenye watoto wanaotoka Newala, walikataa. Wengine waliuliza kama michezo hiyo ndiyo ile ya mashine za kutumbukiza sarafu, ambayo vijana hupotezea fedha za korosho. Wazazi hao walikuwa na haki ya kuuliza hivyo, maana waliusoma ujumbe kama ulivyoandikwa. Mwalimu naye alifuata kamusi. Kasoro imo katika lugha ya fani yenyewe, kwa kuwa hatujakubaliana juu ya jina la kitu hiki, na mahali palipo wazi hujazwa na neno lolote lililo karibu.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi michezo hiyo ilivyozaliwa, ikastawi, ikafifia, na hatimaye ikafufuka ikiwa na sura nyingine. Baada ya hapo itapendekezwa istilahi. Mpangilio huu umechaguliwa kwa makusudi. Kitu kinachofifia na kufufuka huvua mengi kiliyokuwa nayo mwanzoni, na lile lisilovuliwa katika mabadiliko yote ndilo kiini chake, na ndilo linalostahili kubeba jina.

Asili ya michezo hii

Mchezo wa kwanza wa aina hii ulitungwa Marekani na Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman, mojawapo ya waasisi wa mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Crowther alikuwa pia mpenzi wa kuchunguza mapango. Katika miaka ya 1975 na 1976 alitunga programu iliyomwezesha mchezaji kutembea, kwa maneno matupu, ndani ya pango lililofanana na sehemu moja ya Mammoth Cave, pango kubwa lililoko jimbo la Kentucky. Alitaka, pamoja na mengine, kuwafurahisha binti zake. Mwaka 1977 Don Woods, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliipata programu hiyo, akaipanua na kuieneza. Mchezo huo ndio unaojulikana kwa jina la Colossal Cave Adventure, na jina la mchezo mmoja likageuka kuwa jina la aina nzima.

Hapana budi msomaji aelewe kwamba mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilimweleza mchezaji kwamba amesimama mahali fulani na mbele yake pana vitu fulani. Mchezaji naye alijibu kwa amri ya neno moja au mawili: nenda kaskazini, chukua taa, fungua mlango. Mwanzoni kabisa mwa safari yake alikuta funguo, taa, chakula na chupa ya maji. Kazi yake ilikuwa kutambua kila kitu kitamfaa wapi.

Mtu aliyelelewa katika lugha zetu ataona hapa jambo asilolikosa nyumbani. Jioni za uwanda wa juu wa Makonde, kama zilivyo jioni za pwani na za bara, zimekuwa na vitendawili na ngano, na mafunzo ya jando na unyago yamekuwa yakitolewa kwa mafumbo na nyimbo. Anayetega humweka mwenzake mbele ya kitu kilichofichwa nyuma ya maneno, na anayetegua hana chombo kingine isipokuwa maneno hayo hayo. Hata kushindwa kuna utaratibu wake. Aliyeshindwa huambiwa "nipe mji". Akishatoa mji, mtegaji hujifanya amekwenda huko akala na kustarehe, ndipo alipofumbua jibu. Wamarekani hawakuchukua mchezo wao kwetu, wala haisemwi hivyo hapa. Linalosemwa ni kwamba tunapoutafutia jina hatuanzi na kitu kigeni kabisa.

Ustawi: kutoka maneno hadi picha

Mwaka 1977 vijana wanne wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, yaani Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, walianza kutunga mchezo walioupa jina la Zork. Tofauti yake kubwa na ule wa pango ilikuwa ya kilugha. Mchezo wa Crowther na Woods ulielewa maneno mawili tu, tena ulizitazama herufi tano za mwanzo za kila neno na kuziacha nyingine. Zork uliweza kuchambua sentensi ndefu zaidi, yenye kitenzi, yambwa na kihusishi. Kampuni ya Infocom ilianzishwa mwaka 1979, na mwaka uliofuata ilianza kuuza sehemu ya kwanza ya mchezo huo kwa wenye kompyuta ndogo za nyumbani.

Wakati huo huo njia nyingine ilifunguliwa. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken Williams walitoa Mystery House, mchezo uliochanganya maandishi na picha za mistari. Kampuni yao, iliyokuja kuitwa Sierra, ilitoa King's Quest mwaka 1984, ambamo mchezaji alimwona mhusika wake akitembea katika mandhari yenye rangi. Mwaka 1987 Ron Gilbert na Gary Winnick wa Lucasfilm Games walitoa Maniac Mansion. Humo mchezaji hakuandika tena amri. Vitenzi viliorodheshwa chini ya skrini, naye alichagua kitenzi kwa kipanya, kisha akabofya kitu alichotaka kukitenda. Njia hiyo iliendelezwa katika The Secret of Monkey Island mwaka 1990. Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa Myst, ambao haukuwa na hata hiyo orodha ya vitenzi. Mchezaji alibofya tu alipotaka kwenda au kugusa. Mchezo huo uliuzwa nakala zaidi ya milioni 6.

Yafaa tusimame hapa na kutazama mambo mawili yaliyoachwa njiani. La kwanza ni kuandika: uandishi wa amri, uliokuwa uti wa mgongo wa mchezo wa kwanza, ulikuwa umekwisha kabla ya 1995 katika michezo mikubwa ya biashara. La pili ni hatari. Katika michezo ya Sierra mhusika aliweza kufa kwa kukosea hatua moja, na mchezaji akalazimika kuanza upya. Ron Gilbert aliandika mwaka 1989 makala ya kuukosoa mtindo huo, akidai kwamba kumwua mchezaji kila mara kunaivunja hadithi. Michezo mingi iliyotoka katika kampuni yake tangu mwaka 1990 haikumwua mchezaji hata akikosea. Wachezaji hawakulalamika kwamba wamenyimwa aina yao ya mchezo. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mtu wa istilahi, maana linaonyesha kwamba hatari ilikuwa kiungo cha mchuzi wala si mchuzi wenyewe.

Kufifia

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 aina hii ya mchezo ilianza kudhoofika. Sababu zilikuwa nyingi. Kompyuta zilipata uwezo wa kuchora vitu kwa kina na kwa kasi, na wanunuzi wakavutiwa na michezo ya kukimbia na kupiga risasi. Gharama ya kuchora picha ilipanda, hali mchezo wa mafumbo ukishateguliwa hauna mengi ya kumrudisha mchezaji. Kadhalika, mafumbo mengine yalikuwa yamekuwa magumu pasipo sababu, hata yakawa hayateguliki kwa akili bali kwa kujaribu kila kitu juu ya kila kitu. Mtegaji anayetega fumbo lisilo na njia hukimbiwa na wasikilizaji, iwe Kentucky au Newala.

Infocom ilikuwa imekwisha kununuliwa na Activision mwaka 1986, na ofisi zake zikafungwa mwaka 1989. Grim Fandango, uliotolewa mwaka 1998, ulisifiwa sana na wahakiki lakini haukuuzwa kwa kadiri iliyotarajiwa. Mwaka 1999 Sierra ilifunga ofisi yake ya Oakhurst, California, ambako michezo yake mingi ya aina hii ilitungwa. Mwaka 2004 LucasArts, mrithi wa Lucasfilm Games, iliufuta mchezo wa Sam & Max uliokuwa ukitengenezwa. Waandishi wengi wa magazeti ya fani hiyo walisema wazi kwamba aina hii imekufa.

Kufufuka

Hata hivyo moto ulikuwa umefunikwa majivu tu. Uhai uliendelea katika mahali patatu, na yafaa kila kimoja kitajwe, kwa sababu kila kimoja kilihifadhi jambo tofauti.

Kwanza walikuwako watu wasio wafanyabiashara. Mwaka 1993 Mwingereza Graham Nelson alitoa Inform, lugha ya kutungia michezo ya maandishi, na tangu mwaka 1995 mashindano ya kila mwaka ya michezo hiyo yamekuwa yakifanyika. Mwaka 1997 Chris Jones, naye Mwingereza, alianza kutoa zana ya kutungia michezo ya picha iliyokuja kuitwa Adventure Game Studio. Zana hizo zilipatikana bure, na mtu mmoja aliye na subira aliweza kutunga mchezo mzima peke yake. Pili, nchi nyingine hazikuiacha aina hii. Norway ilitoa The Longest Journey mwaka 1999, Mbelgiji Benoît Sokal alitunga Syberia iliyotoka mwaka 2002, na Japani ilianzisha mwaka 2001 mfululizo wa michezo ya wakili anayetafuta ukweli mahakamani, ambao kwa Kiingereza unaitwa Ace Attorney. Tatu, baadhi ya wafanyakazi waliotoka LucasArts walianzisha mwaka 2004 kampuni ya Telltale Games, wakaanza kutoa michezo mifupi kwa sehemu, kama hadithi ya gazeti inayoendelea toleo hata toleo.

Mwaka 2012 mikondo hiyo iliibuka juu. Mwezi Februari mwaka huo Tim Schafer na kampuni yake ya Double Fine waliomba umma uwachangie dola 400,000 za Marekani ili watunge mchezo wa mtindo wa zamani. Watu zaidi ya 87,000 walichanga dola zaidi ya milioni 3.3. Harambee hiyo iliwathibitishia wenye mitaji kwamba wapenzi wa aina hii walikuwapo siku zote. Mwaka huo huo Telltale ilitoa The Walking Dead, uliopata sifa na wanunuzi wengi. Kampuni hiyo yenyewe ilifilisika na kufunga milango mwaka 2018, lakini njia iliyoifungua haikufungika. Ron Gilbert alitoa Return to Monkey Island mwaka 2022. Mwaka 2023 Roberta Williams, aliyekuwa amestaafu kwa zaidi ya miaka 20, alirudi kwa kuujenga upya, kwa picha za kisasa, mchezo ule ule wa pango la Kentucky.

Kilichofufuka, hata hivyo, hakikuwa sawasawa na kilichozikwa. Katika The Walking Dead mafumbo ni machache na mepesi. Uzito wake umo katika maamuzi: nani aokolewe, nani aambiwe ukweli, na hadithi hugeuka kufuatana na jibu la mchezaji. Kwa hiyo, baada ya kuandika na hatari kuondoka, sasa hata fumbo limepungua. Kilichosalia katika miaka yote, tangu 1976 hadi leo, ni kimoja: pana kisa, na kisa hicho hakisogei mpaka mchezaji aamue na atende.

Sisi tulikuwa wapi?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini lugha yetu haikupata jina la kitu hiki katika miaka yote hiyo. Jibu limo katika historia ya nchi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Crowther alitunga pango lake miaka miwili tu baada ya marufuku, na Myst ulitoka wakati milango ilipokuwa ikifunguliwa. Kwa maneno mengine, zama zote za ustawi wa kwanza wa michezo hii zilipita wakati Tanzania Bara ikiwa haina kompyuta za nyumbani, wala televisheni yake, iliyoanza mwaka 1994.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilikuwa katika miaka hiyo likishughulika na istilahi za utawala, sheria, kilimo, siasa na sayansi za shuleni. Halikuwa na sababu ya kuutafutia jina mchezo usiokuwapo. Kompyuta ilipokuja kwa wingi, lugha ilikutana nayo ghafula, na maneno matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, yakagombea nafasi moja. Sera ya kwanza ya Taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilipitishwa mwaka 2003, katika uongozi wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa wilaya hiyo hiyo ya Masasi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice. Juhudi hizo ziliangalia kazi za ofisi, na michezo iliachwa nje. Neno lililoenea mitaani likawa "gemu", nalo limebeba kila kitu: mpira wa kwenye skrini, magari, mapigano, na hata mashine za kamari.

Upande wa Kenya mambo hayakuwa tofauti sana, ila kwa jambo moja. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa mchezo uitwao Adventures of Nyangi, unaomfuata msichana Nyangi katika kutafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana waliunda kampuni ya Leti Arts. Mchezo huo ni ushahidi kwamba Afrika Mashariki iliingia katika aina hii wakati wa kufufuka kwake. Lakini jina la mchezo lilikuwa la Kiingereza. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimesikika katika mchezo mmoja mashuhuri wa mwaka 2005, Civilization IV, kwa njia ya wimbo wa Baba Yetu uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, na ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Tumeimbiwa kwa lugha yetu, ila bado hatujacheza kwa lugha yetu.

Lugha ya amri na sarufi yetu

Jambo hili si la jina tu. Mwalimu wa Masasi ataligundua mara vijana wake watakapoanza kazi. Mchezo wa maandishi husimama juu ya sarufi ya lugha inayotumika, na Kiswahili kina tabia zake.

Chukua mfano wa ule mtindo wa kutazama herufi tano za mwanzo. Kwa Kiingereza, lugha ambayo haiongezi mengi mwanzoni mwa neno, mtindo huo ulifaa. Kwa Kiswahili, kompyuta haitaweza kutofautisha "fungua" na "funguo", kwa kuwa yote mawili huanza na fungu-. Vivyo hivyo "ufunguo" na "ufungue" huanza na ufung-. Mchezaji aliyekuta funguo mwanzoni mwa pango angekwama papo hapo. Zaidi ya hayo, Mswahili akishataja taa mara moja hasemi tena "chukua taa", bali "ichukue", na zikiwa nyingi, "zichukue". Kiambishi hicho kinaiambia kompyuta ngeli ya kitu kinachotajwa. Basi kichambuzi cha Kiswahili hakina budi kuanza na viambishi, kisha ndipo kifikie mzizi wa kitenzi. Kazi hii ni ngumu zaidi, lakini ina faida. Penye taa na mlango, neno "ichukue" halina utata, maana mlango ungehitaji "uchukue". Sarufi yetu inakwisha kutegua nusu ya fumbo ambalo kwa Kiingereza hubaki.

Kadhalika katika kueleza mahali. Mchezo wa kwanza ulielekeza kwa pande za dunia. Mtoto wa Newala anayesimama Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda wa juu, na kulitazama bonde linaloelekea Ruvuma, atakuwa na haja kubwa zaidi ya kupanda na kuteremka, na ya huku, huko, humu na humo. Lugha ina maneno hayo tayari. Yanasubiri mtunzi.

Majina yaliyopendekezwa

Sasa turudi kwenye jina. Yafuatayo ndiyo yanayotumika au yaliyopata kupendekezwa, pamoja na maoni juu ya kila moja.

"Mchezo wa hatari" haufai. Historia imeonyesha kwamba hatari iliondolewa katika michezo mingi tangu mwaka 1990 na mchezo ukabaki ule ule. Tena jina hilo humtisha mzazi na kumdanganya mtumishi wa umma. Kwa kuwa tunayo pia "michezo ya kubahatisha", inayosimamiwa kwa sheria ya mwaka 2003, kila jina linaloweza kuchanganywa na kamari linastahili kuepukwa.

"Mchezo wa kishujaa" au "wa ujasiri" una kasoro kama hiyo. Wahusika wengi wa michezo hii ni watu wa kawaida, tena waoga, wanaoponea kwenye akili.

"Mchezo wa masaibu" humweka mchezaji mahali pa mtu aliyefikwa na balaa, hali yeye ndiye mtendaji.

"Mchezo wa mafumbo" ulikuwa na haki kubwa hadi mwaka 2012. Lakini michezo mingine ya mafumbo haina hadithi hata kidogo, na michezo ya kufufuka ina hadithi yenye mafumbo machache. Neno hilo litufae kwa aina nyingine.

"Mchezo wa kisa" ndio unaopendekezwa na mwandishi. Neno kisa ni la siku nyingi katika maandishi yetu. Edward Steere, ambaye mwaka 1876 aliwaongoza watumwa walioachwa huru mpaka Masasi na kuanzisha makazi yao huko, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja, na ndani yake mna Kisa cha Punda wa Dobi. Kisa ni tukio lenye mwanzo, mkasa na mwisho. Hadithi yaweza kuwa ndefu na yenye mengi, hekaya huelekea kuwa ya ajabu, ngano ni ya kusimuliwa. Kisa hukubali kuwa cha kuchekesha, cha kutisha, cha upelelezi au cha mapenzi. Michezo tuliyoitaja imekuwa yote hayo.

Pana pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Katika wingi, neno visa lina maana ya vituko na hila, kama tunaposema "fulani amenifanyia visa", na kwa maandishi hufanana na viza ya kuingilia nchi. Mzazi akiandikiwa "michezo ya visa" aweza kukataa kama alivyokataa hatari. Kwa hiyo inapendekezwa wingi uwe "michezo ya kisa", kwa mfano wa "vitabu vya hadithi", ambapo neno la pili hubaki katika umoja likitaja aina.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, michezo hii ilianza kwa maandishi yenye hatari na mafumbo mwaka 1976, ikastawi kwa picha, ikadhaniwa imekufa mwanzoni mwa karne hii, na ikafufuka tangu mwaka 2012. Katika safari hiyo ilivua maandishi, ikavua hatari, na ikapunguza mafumbo. Haikuvua kisa. Laiti tungaliipa jina mwaka 1980, yamkini tungaliiita kwa hatari yake, na leo tungalikuwa na jina lililokwisha kuachwa na kitu chenyewe. Kuchelewa kwetu kumetupa nafasi ya kuchagua kwa kuona mbali zaidi.

Istilahi zifuatazo zinawekwa mbele ya wasomaji ili zijadiliwe kabla ya kufikishwa kwenye kamati ya usanifishaji:

mchezo wa kisa (wingi: michezo ya kisa) — mchezo wa kompyuta ambao hadithi yake huendelea kwa maamuzi na vitendo vya mchezaji;

mchezo wa kisa wa maandishi — ule ambao mchezaji huelezwa na hujibu kwa maneno matupu;

kichambuzi cha amri — sehemu ya programu inayosoma na kuelewa amri ya mchezaji;

mkoba — orodha ya vitu alivyo navyo mhusika katika mchezo;

kubofya vitenzi — njia ya kuchagua kitenzi na kitu chake kwa kipanya badala ya kuandika;

kutoa mji — kuomba jibu la fumbo lililomshinda mchezaji.

Istilahi hii ya mwisho imechukuliwa makusudi kutoka kwenye vitendawili, na wako watakaoiona ni ya mzaha. Maoni yao yatapokewa. Walimu wanaofundisha kompyuta, hasa wa mikoa ya Kusini ambako neno jipya hupimwa mbele ya wasemaji wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao kwa pamoja, wanaombwa wayatumie majina haya darasani na katika barua zao kwa wazazi, kisha waeleze ni lipi lililoeleweka mara moja na ni lipi lililohitaji kufafanuliwa. Lile litakalohitaji kufafanuliwa kila mara halina budi kutafutiwa jingine.